Sauti Nene ya Nuria

Je, umewahi kusikia sauti yako ikitoka mahali ambapo wewe mwenyewe hupo? Usijibu haraka. Kaa vizuri nikusimulie habari za wajukuu wangu wawili, Abdia na Nuria, na mashine moja iliyokuwa hapa Garsen mwaka wa 1999.

Asubuhi kwetu ilianza kwa moshi. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimekwisha kukoka moto, na wasichana wameniletea vibuyu vya maziwa. Kibuyu cha maziwa hakisafishwi kwa maji peke yake. Unakisugua, unakikausha, kisha unatia ndani kijinga cha moto cha mti unaonukia, unakifunika, na kuuacha moshi uzunguke. Ukiruka hatua hiyo, maziwa yatachacha kabla ya adhuhuri. Abdia alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mikono yake ilikuwa mitulivu. Hakuunguza kibuyu wala kuacha jivu ndani. Nuria alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja. Yeye aliunguza kibuyu kimoja kila wiki.

"Nuria, hicho ni cha tatu mwezi huu!" nilimwambia asubuhi moja.

"Bibi, hiki kilitaka chenyewe kuungua. Nilikikataza, hakikusikia."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Abdia hakucheka. Aliweka kibuyu chake safi karibu na mguu wangu, akangoja. Mimi nilikuwa ninafuta machozi ya kicheko, sikukitazama. Leo ninajua kwamba nilipaswa kukitazama.

Wote wawili ni wa damu yangu. Abdia ni binti wa mwanangu mkubwa, Issack, ambaye miaka hiyo alikuwa dereva wa lori huko Jeddah. Mama yake Abdia alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, hivyo nilimlea mimi. Nuria ni binti wa mwanangu mdogo, Wario, aliyekuwa akihama na ng'ombe wetu kutafuta malisho. Mwezi wa Januari Wario alimleta Nuria kwangu ili asome Garsen. Tangu siku hiyo mkeka uliokuwa wa Abdia ukawa wa wawili, kikombe cha kwanza cha maziwa kikawa cha zamu, na hadithi za jioni zikawa na msikilizaji anayeuliza maswali ya kuchekesha.

"Una nini, Abdia? Unataka nini?" nilimuuliza siku moja nilipomwona amenuna.

"Sitaki kitu, bibi."

Sasa nije kwenye mashine. Karibu na posta kulikuwa na ofisi ya mradi wa mifugo. Ilikuwa na chumba kimoja, paneli ya jua juu ya bati, kompyuta moja na waya wa simu. Mwenye kuiendesha alikuwa msichana wa Kigiriama aitwaye Jumwa, na watoto walimwita dada Jumwa. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kitu walichokiita sanduku la sauti. Mfugaji aliyekuwa Hola au Garissa alitia sarafu kwenye kibanda cha simu, akapiga namba ya Garsen, na hata kama ofisi imefungwa, kompyuta ilipokea simu na kumwambia kwa sauti ya mtu: chanjo ni siku fulani, mahali fulani.

Kompyuta hiyo ilipokea pia sauti zilizokuja kwa mtandao wa intaneti. Issack alipogundua duka la intaneti huko Jeddah, alianza kuongea mbele ya kompyuta ya huko na kutuma maneno yake mpaka Garsen. Mara ya kwanza yalipofika, dada Jumwa alimwita Abdia aje asikilize. Alipobonyeza, haikutoka sauti. Ulitoka mlio wa kukwaruza, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Baba yangu amekuwaje?" Abdia aliuliza, macho yamemtoka.

"Baba yako mzima," dada Jumwa akacheka. "Sauti yake imebanwa ili ipite upesi njiani, kama nguo zilizoshindiliwa sandukuni. Kompyuta yetu haijui kuzikunjua mpaka tuifundishe."

Alimwonyesha. Bonyeza hapa, chagua umbo hili, ngoja. Baada ya dakika chache chumba kikajaa sauti ya Issack akisema, "Asalaam aleikum, Abdia mwanangu." Mtoto aliweka kiganja juu ya spika kama mtu anayeota moto.

Kuanzia hapo Abdia hakuondoka tena ofisini. Kila alipotoka shule alipita huko saa moja nzima. Alijifunza kwamba sauti zina maumbo mbalimbali. Ile ya Jeddah ilikuwa ya kubanwa. Ile iliyorekodiwa kwa kipaza sauti cha ofisi ilikuwa nene. Na simu ilitaka nyembamba tu.

"Kompyuta haisikilizi mfululizo kama sikio," dada Jumwa alimweleza. "Inachota sauti, kama mtu anayechota mtoni kwa kikombe kidogo, haraka haraka. Kipaza sauti chetu kinachota vikombe elfu ishirini na mbili kwa sekunde moja. Sanduku la simu linajua kumwaga vikombe elfu nane tu kwa sekunde."

"Na nikiliwekea vyote elfu ishirini na mbili?"

"Halitaviacha, na halitaongeza mwendo. Litamwaga elfu nane, halafu elfu nane, kwa utaratibu ule ule. Neno la sekunde moja litachukua karibu tatu. Sauti itakuwa nzito na ndefu. Ndiyo maana lazima uipunguze kwanza."

Ukutani aliandika hatua tatu kwa kalamu nyekundu: Rekodi. Punguza. Hifadhi. Abdia alizishika kama sura fupi za Kurani. Ofisi nzima, pamoja na daktari wa mifugo, hakuna aliyekuwa hodari wa kazi hiyo kumpita yeye, ila dada Jumwa.

Mwezi wa Agosti mradi ulitaka sauti ya mtoto ili itoe matangazo kwa Kiswahili na kwa Kiorma. Abdia alijua ni yake. Nani mwingine? Siku ya majaribio alivaa mtandio wake wa Idi, akamchukua Nuria amsindikize. Aliketi mbele ya kipaza sauti. Maneno yalitoka yakitetemeka, mengine akayameza.

"Pumzika kidogo," dada Jumwa alisema. Kisha, kwa mzaha tu, akamgeukia Nuria aliyekuwa akichezea kamba ya pazia. "Na wewe, msindikizaji, hebu sema kitu."

Nuria akainama kwenye kipaza sauti. "Karibuni Garsen, wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe! Mimi ni Nuria binti Wario!"

Daktari alitoka chumba cha pili kuja kuona ni nani anayeongea vizuri namna ile. Shauri likaisha hapo.

Siwezi kukuficha, siku zile nyumba yangu ilikuwa na mtu mmoja aliyechemka kimyakimya. Nuria alisalimiwa sokoni kwa jina. Muuza chai alimpa mahamri ya bure. Wavulana walimwita "Redio Garsen." Abdia alitembea nyuma yake kwa hatua tatu, akihesabu kila salamu. Sauti ya Nuria ilipita mikononi mwa Abdia kila wiki. Yeye ndiye aliyeipunguza na kuiweka sandukuni, lakini hakuna mtu aliyempa mahamri kwa kupunguza.

"Abdia, unataka nini, mama?" nilimuuliza tena.

"Nimesema sitaki kitu, bibi." Akageuza uso ukutani.

Basi ikaja Jumatatu moja ya kiangazi. Nyasi za bara zilikuwa zimekwisha, na wafugaji walikuwa wanashusha mifugo kuelekea majani ya delta kama ilivyo desturi. Wario na ng'ombe wetu, na wenzake na ng'ombe wao, walikuwa wameipita Hola kidogo, wamebakiza mwendo wa siku mbili. Daktari alikuwa ameleta dawa ya chanjo ya homa ya mapafu, ugonjwa unaoua ng'ombe wakikoroma na kutoa ulimi. Dawa ilikuwa ndani ya barafu, na barafu ilikuwa ya siku chache. Chanjo ingekuwa Ijumaa na Jumamosi peke yake, nje ya mji wa Garsen.

Nuria alirekodi tangazo hilo saa ya chakula cha mchana, kisha akakimbia kuteka maji. Dada Jumwa alikuwa anawahi basi la Malindi.

"Abdia, nakuachia wewe," alisema huku akifunga mkoba. "Lipunguze, litie sandukuni. Na kuna ujumbe wa baba yako, umeingia asubuhi. Ukimaliza, ufunguo mpe mlinzi. Nitarudi kesho jioni."

Abdia alianza na ujumbe wa baba. Aliukunjua, akaweka kiganja juu ya spika.

"Abdia mwanangu," Issack alisema kutoka mbali, "Ijumaa nilipiga simu ya ofisi nijue habari za ng'ombe. Sauti ya msichana ikanikaribisha. Moyo wangu ukaruka! Nikasema, huyu ni Abdia wangu. Kumbe akataja jina, ni Nuria wa Wario. Mwambie ami yake amefurahi sana. Anaongea kama mtu wa redio. Nimepiga tena mara mbili, kumsikiliza tu."

Abdia aliondoa mkono kwenye spika.

Akautazama ukuta. Rekodi. Punguza. Hifadhi. Faili la Nuria lilikuwa pale, nene, linangoja. Mara hii hakulipunguza. Alilibadilisha jina tu, akalitia sandukuni vile vile lilivyokuwa, vikombe elfu ishirini na mbili vyote. Kisha akafunga mlango, akampa mlinzi ufunguo, akaja nyumbani. Jioni ile alifukiza vibuyu vitano bila kuambiwa.

Kesho yake shuleni, mvulana mmoja aitwaye Dabaso alikuja mbio wakati wa mapumziko. Kaka yake alikuwa amepiga simu ile kutoka Hola, kisha akashuka na lori la alfajiri, akawasimulia nyumbani.

"Mmesikia? Redio Garsen imeota pembe!" Dabaso akapanua pua, akatoa mguno mrefu kutoka tumboni. "Mmmuuuuaaaa! Karibuuuni Gaaarsen! Mimi ni Fahali binti Wario!"

Uwanja mzima ulicheka. Nuria alicheka nao mwanzoni, kwa kuwa hakuelewa. Alipoelewa, alijaribu kusema kitu, na kabla hajafungua mdomo wavulana wakaguna wote pamoja. Akafunga mdomo. Mchana kutwa hakuufungua tena, hata mwalimu alipomuuliza jibu la hesabu.

Abdia aliniambia baadaye kwamba mguno wa kwanza ulikuwa mtamu kama sukari. Wa pili ulikuwa mtamu kidogo. Wa tatu ulipokuja, alimwona Nuria ameshika koo lake mwenyewe kwa vidole viwili, kama anayetafuta kilichoharibika ndani, na utamu wote ukaisha.

Nyumbani Nuria alisukuma kikombe cha maziwa. "Bibi, nimekuwa na sauti mbaya?" alinong'ona.

"Sauti yako nzuri. Nani kasema?"

"Simu imesema."

Nilimtazama Abdia, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua mambo ya simu. Aliinamia kibuyu.

Kabla ya maghribi alipita kwetu Halake, dereva wa lori anayetuletea habari kutoka Hola. Hakukubali hata kukaa.

"Mama, mmeficha nini hapa Garsen?" aliuliza. "Hola nzima inasema mna homa ya mapafu."

"Homa ya mapafu? Hapa? Ng'ombe wangu wa maziwa wale pale, wazima. Nani kasema?"

"Mwanao Wario! Jana alipiga simu ya mradi asikie siku ya chanjo. Akasikia ng'ombe anakoroma. Akapiga tena, ng'ombe yule yule. Aliwaita wazee, wakapokezana mkono wa simu, kila mmoja anasikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Wario akasema, 'Huu ni mkoromo wa mapafu, na umefika mwisho, mnyama huyu hataiona kesho. Watu wa Garsen wanatupa ishara tusishuke.' Kesho asubuhi anawaleta wazee waliobaki wausikie, halafu wanageuza mifugo kurudi upande wa Bangale."

Unajua maana ya kurudi nyuma wakati ule? Nyuma hakukuwa na unyasi hata wa kujichokolea meno. Ng'ombe wangerudi kwenye vumbi, bila chanjo, wakiwa wamekwisha kukonda. Wangefika wachache. Na ng'ombe wale ndio waliokuwa karo ya Nuria, na karo ya Abdia pia, na maziwa yetu sote.

"Sasa ni nani aliyemtia ng'ombe ndani ya simu?" nilisema.

Kibuyu kilimponyoka Abdia kikaviringika mpaka mlangoni. Hakukiokota.

Asubuhi ya Jumatano, wakati mimi ninakoka moto, Abdia alikuwa amekwisha kufika mlangoni kwa dada Jumwa. Alimkuta anapiga mswaki. Akamweleza habari za Halake, wakaenda ofisini pamoja, na dada Jumwa akasikiliza tangazo. Alipousikia ule mguno akashika kiuno.

"Faili limeharibika. Wario anapiga saa ngapi?"

"Kibanda kikifunguliwa. Saa mbili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro robo. Dada Jumwa akavuta kipaza sauti, akakiweka mbele ya Abdia.

"Hatuna muda wa kumtafuta Nuria. Rekodi wewe. Kiorma unajua, Kiswahili unajua. Kaa hapo."

Fikiria. Kiti kile ndicho alichokililia tangu Agosti. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, na mtu mkubwa ndiye aliyemwambia akae. Kama angekaa, hakuna ambaye angejua lolote. Faili liliharibika, Nuria hakupatikana, Abdia akaokoa ng'ombe. Baba yake angepiga Ijumaa na kumsikia yeye.

Abdia alikishika kiti. Kisha akakirudisha chini ya meza.

"Faili halikuharibika, dada Jumwa. Sauti ya Nuria ipo, nzuri kama alivyoisema. Mimi niliitia nene. Nilijua."

Dada Jumwa akarudisha kipaza sauti mahali pake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Basi ipunguze. Sasa hivi."

Abdia akafungua faili la Jumatatu, akachagua umbo jembamba, akabonyeza. Mstari wa buluu ulianza kutambaa kwenye kioo, pole pole kama konokono. Kompyuta ile ilikuwa nzito siku zote, lakini siku hiyo ilizidi. Mstari ulipofika nusu, simu ikalia.

Dada Jumwa aliwahi kuipokea kabla ya mashine. "Haloo, ofisi ya mradi, Garsen."

"Wewe nani?" sauti ya Wario ilisikika hadi mlangoni. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Hakuna ng'ombe, mzee. Garsen hakuna ugonjwa. Chanjo ni Ijumaa na..."

"Ee, mmesikia, wazee? Juzi ng'ombe, leo mtu wa ofisi anasema hakuna ng'ombe! Mnataka tushuke mtufungie mifugo kwa karantini!"

Abdia akanyoosha mkono. Akachukua mkono wa simu. "Baba mdogo, ni mimi, Abdia."

"Abdia? Mtoto, waambie ukweli wazee hawa. Ng'ombe amekufa?"

"Hakuna ng'ombe, baba mdogo. Uliyemsikia ni Nuria. Sauti yake ilitakiwa kupunguzwa ndipo ipite kwenye simu. Mimi sikuipunguza. Nilifanya makusudi, watu wamcheke."

Kisha Wario akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, "Mwana wa Issack, mimi nimefuga ng'ombe miaka arobaini. Mkoromo wa mapafu ninaujua nikiwa usingizini. Unaniambia nimemsikiliza mwanangu mwenyewe nikamwita ng'ombe?"

Abdia alitupia jicho kioo. Mstari wa buluu ulikuwa umefika ukingoni. Akabonyeza kwa mkono wa kushoto: hifadhi.

"Baba mdogo, kata simu. Upige tena. Sisi hatutapokea."

"Nimebaki na sarafu moja."

"Itie hiyo. Tafadhali."

Simu ikakatika. Wakakaa wawili, wakiitazama. Ikalia. Ikalia mara ya pili, na kompyuta ikapokea, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Walijua kwamba huko Hola, kwenye sikio la Wario, sauti nyembamba na safi ilikuwa inasema, "Karibuni Garsen, wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe. Mimi ni Nuria binti Wario." Taa iliwaka mpaka tangazo likaisha, kwa Kiswahili na kwa Kiorma. Haikuzimika katikati. Wario hakukata.

Ijumaa kabla ya adhuhuri niliona vumbi upande wa kaskazini. Niliwatambua ng'ombe wetu mmoja mmoja walipokuwa wanapita kwenye chanjo, wamekonda lakini wote kwa miguu yao. Daktari alifanya kazi mpaka barafu ya mwisho. Wazee wa Hola walikuwa wamekwisha kumbatiza Wario jina la "Daktari wa Mapafu," na nadhani ataondoka duniani nalo.

Alipofika nyumbani Wario alimbeba Nuria juu kama mtoto mchanga. "Hebu lia kidogo, fahali wangu, nikusikie."

"Sitaki, baba!" Nuria akapiga kelele, na ndipo nilipojua koo lake limepona.

Abdia alikuwa amekwisha kumwambia Nuria yote, Jumatano ile ile, mbele yangu. Nuria hakusema "haidhuru." Alisema, "Siku nzima nilikuwa naogopa kuongea, Abdia. Na wewe ulikuwa umekaa karibu yangu." Alihamisha mto wake upande wa pili wa mkeka, na usiku wa tatu ndipo aliporudi. Shuleni Abdia alisimama mbele ya Dabaso na wenzake akawaeleza ni nani aliyefanya na kwa njia gani. Walimcheka yeye wiki nzima. Dada Jumwa naye alimkataza kugusa kompyuta mwezi mmoja. "Si kwa kuwa hujui kazi," alimwambia, "ila kwa kuwa unaijua."

Jumamosi asubuhi nilimwita Abdia tukae kwenye moshi. Mara hii nilichukua kibuyu chake, nikakigeuza kwenye mwanga, nikakitazama ndani kwa makini.

"Safi," nilisema. "Siku zote huwa safi, nami sikuwa nasema. Hilo ni kosa langu. Lakini sikiliza la kwako. Ulitaka kumpiga Nuria peke yake, na pigo likaenda mpaka Hola kwa watu na wanyama usiowaona. Wivu hauna macho ya mbali, mama. Na kazi iliyofichika kama yako, ya kusafisha kibuyu, ya kupunguza sauti, ndiyo watu wanaitegemea bila kujua. Ukiiharibu makusudi, hakuna atakayegundua mpaka madhara yafike. Kwa hiyo inataka mtu mwaminifu kuliko anayeonekana. Ukiwa na jambo moyoni, liseme likiwa bado dogo. Mimi nimekuuliza mara ngapi?"

"Mara nyingi, bibi."

"Nakuuliza mara nyingine. Ulikuwa unataka nini?"

Moshi ulikuwa unatuzunguka wote wawili. Alikuna majivu kwa kijiti, akayalainisha, akayakuna tena. Nilidhani atasema kile anachosema siku zote, na nilikuwa tayari kungoja mpaka adhuhuri.

"Nilitaka baba apige simu," Abdia alisema, "na ajibiwe na mimi."